Likizo ya Ziwani na Jina la Adèle

Siku ya Mungu, Jumapili alasiri. Lubumbashi ni vumbi na upepo mkavu. Tumerudi jana kutoka Pweto, na bado sijafungua mfuko wa nguo. Nimeukalia tu, ninaandika.

Mimi ndiye niliyemlazimisha mama tuende. Nilikuwa nimemaliza mitihani ya mwisho pale chuoni Kasapa, nikataka tupumzike kama wengine wanavyopumzika: nyumba ndogo ya kupanga kando ya ziwa, mlango unafunguka moja kwa moja kwenye mchanga. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani. Tutaogelea. Tutachoma samaki nje. Asubuhi maji yakitulia, tutapanda mtumbwi.

Nilijua mama alizaliwa Pweto. Nilijua pia kwamba hakuwahi kurudi tangu vita. Nilidhani ni ubaya wa barabara tu.

Siku tuliyofika, mama alitoa kiti nje, akakaa akitazama ukuta, mgongo wake kwa maji. Nikamwita aje aone mawimbi.

"Miye nayasikia," akasema. "Inatosha."

Niliogelea peke yangu. Kila nilipoinua kichwa nilimkuta amesimama mlangoni, mkono mdomoni, ananitazama. Nilipotoka majini tu, akarudi kukaa na ukuta wake.

Kesho yake nilienda kutafuta samaki pale wavuvi wanaposhukia. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anageuza samaki juani. Alipoinua macho kuniona, samaki wakamponyoka mikononi.

"Adèle," akasema.

Niligeuka kuangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Hapana, mama. Miye naitwa Nadège."

Akanishika kidevu, akaniangalia jicho hili na lile. Aliniuliza mama yangu ni nani. Nilipomtajia, akakaa chini mchangani.

"Kumbe Félicité alifikaka ng'ambo," akasema, polepole. "Alifikaka."

Alinijazia kikapu, lakini hakuniangalia tena usoni.

Njiani nilijishikashika mashavu kama mtu aliyevaa kitu cha kuazima.

Nyumbani kwetu Ruashi, huku Lubumbashi, hakuna picha ya mtu anayeitwa Adèle. Jina hilo sikuwahi kulisikia. Niliporudi kwenye nyumba ya kupanga na kulitamka, mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Mwiko ukasimama.

"Nani amekuambia ile jina?"

"Mama mumoja wa samaki. Aliniita vile."

Alimaliza kwanza kusonga. Akafunika sufuria. Ndipo akanieleza, akiongea na mikono yake.

Adèle alikuwa mdogo wake. Mama mudogo wangu. Watu walipokimbia vita kuelekea Zambia, mitumbwi ilikuwa michache na ufuko wote umejaa watu. Mama alikuwa na mimba yangu. Walipata nafasi wote wawili, kisha mwenye mtumbwi akasema maji yanaingia, mmoja ashuke. Adèle akashuka kabla mtu hajajibu. Akasimama palepale, maji magotini, akamwambia dada yake mkubwa: "Ende, yaya. Miye nitakuya nyuma."

"Nilimuangalia mpaka akakuwa kadogo," mama akasema. "Nikangoja ng'ambo. Kila bwato ikifika, nasimama. Hakukuya. Na weye, vile unakomea, unakuwa mukubwa, unakamata sura yake. Saa ingine unaingia ku nyumba, miye nasema mu roho: amefika."

Miaka yote hii nilidhani mama ananitazama sana kwa sababu ananipenda. Ananipenda, sina shaka. Lakini aliyekuwa anatazamwa ni nani?

Jua lilipopungua ukali akaniambia nimpeleke kwa yule mwanamke. Walishikana bila hata kusalimiana. Mwanamke akasema Adèle alipata mtumbwi mwingine siku ileile. Upepo ukachafuka. Mtumbwi ule hakuna aliyeuona tena, upande huu wala upande ule.

Mama alisikiliza amesimama wima. Halafu akauliza Adèle alikuwa amevaa nini.

Mwanamke hakukumbuka.

Asubuhi ya kuondoka, ziwa lilikuwa limelala kabisa. Nilimkuta mama ufukoni anaongea na mvuvi mmoja, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa kwa maji. Nilifurahi. Nikavua viatu nipande naye.

"Weye baki," akasema. "Simama pale, mu maji."

Nikasimama. Maji yalikuwa ya baridi, yananifika magotini. Mtumbwi ukaondoka, mama amekaa nyuma, ananiangalia. Hakupunga mkono. Wakaenda, wakaenda, mpaka nikashindwa kuyaona macho yake, kisha uso, kikabaki kitambaa chake cha kichwa tu. Nikawaza: harudi. Nikawaza kwamba ameenda kumtafuta, na mimi ndiye niliyemleta hapa.

Mtumbwi ukageuka.

Ulipokaribia, mama alisimama ndani yake, mvuvi akimkemea akae. Hakukaa. Alininyooshea mkono, mashavu yamelowa.

"Kuya, Adèle," akasema. "Nafasi iko."

Sikumsahihisha. Nikashika ule mkono, nikapanda.

Hatukwenda mbali. Mvuvi alituzungusha taratibu, na mama hakuuachilia mkono wangu hata tulipokanyaga mchanga. Njia yote ya kurudi Lubumbashi alilala begani kwangu, usingizi mzito ambao sijawahi kumwona nao.

Tangu tufike hajaniita kwa jina lolote. Sasa hivi nasikia anapanga sahani, ataniita tukale. Akisema Nadège, nitaitika. Akisema Adèle, nitaitika pia.

Ninachojiuliza ni nani atakayekuwa anaitika.