Mwezi wa Makobola

Kilibula, Uvira
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Walid,

Amani ya Mungu ikufikie huko Kigoma, wewe na mke wako na wote wanaokula kwenye sinia lako. Natumaini goti linaendelea vizuri na kwamba unalikanda kwa maji ya moto kama nilivyokuagiza, si kulilalamikia tu. Huku sisi tupo. Ziwa limerudi nyuma kidogo, barabara inapitika tena, na nyumba ya marehemu baba bado imesimama, ingawa ukuta wa upande wa ziwa una alama ya maji hadi usawa wa dirisha. Mimi nashukuru. Moyo umechoka, miguu inavimba, na nikiandika mistari michache lazima niweke kalamu chini nipumue. Usishangae basi mwandiko ukipanda na kushuka.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe simu huipokea dukani kwa sauti ya wazi, na wateja wako wanajua habari za Kilibula kabla yako. Hii nataka uisome peke yako, umekaa.

Nianze na furaha. Binti yako Dalila ameshinda.

Unakumbuka ulivyosema alipomaliza masomo yake ya takwimu kule Bukavu. Ulisema duka lako la dawa linamngoja, na kwamba mtu hasomi miaka yote hiyo ili akahesabu vidonge vya watu wengine. Nikakujibu kwamba wewe umehesabu vidonge vya watu wengine maisha yako yote na hakuna aliyekucheka. Ulinuna mwezi mzima. Sasa nikueleze kazi yake, maana nadhani hukuwahi kumwuliza. Vituo vya afya vya mkoa huleta habari zao, nani amekuja kuchukua dawa na nani hakuja. Yeye huzisoma zote kwa pamoja katika kompyuta, akatafuta mpangilio ambao jicho la mtu mmoja haliwezi kuuona, kisha husema kila kituo kitahitaji nini kabla rafu hazijabaki tupu. Mimi niliyezeeka nikifundisha hesabu namwita fundi, na neno hilo silitoi ovyo.

Mwaka jana shida iliangukia Makobola, kijiji kile cha wavuvi kusini mwetu. Kituo cha pale hutoa dawa za ukimwi, hizi sisi tunaziita za sida, za kumeza kila siku maisha yote. Mfadhili wa dawa hizo aliona kwamba wagonjwa wengi wa Makobola hawafiki siku waliyoandikiwa. Kompyuta ikawapa jina: watoro. Kutoka Bukavu akatumwa bwana mmoja, Pontien, mtu nadhifu, si mbaya, lakini mwenye haraka. Akatangaza kwamba mpango ukiendelea hivyo, dawa zitaondolewa Makobola na wagonjwa watachukulia Uvira mjini. Akaongeza kwa utani kwamba watu wa pwani ile wanajua kuhesabu samaki, hawajui kuhesabu vidonge. Libérat, muuguzi wa kituo, alimjibu kwamba ukiziondoa dawa hapa, wagonjwa nusu hutawaona tena popote. Pontien akamwomba ushahidi. Libérat hakuwa nao, akampigia Dalila.

Mtoto akahamia kwangu na kompyuta yake. Kwa wiki nyingi alikuwa akila kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye kompyuta. Alikuwa na mchoro wa watu wasiofika, nao ulipanda na kushuka kama mawimbi, kwa mpangilio mzuri kabisa, lakini haukufuata wiki, wala siku za soko, wala mvua. Wenzake wa Kinshasa walimwambia ni kosa la mitambo. Mimi nilimwambia kosa halina adabu kama ile.

Ikaja jioni ya kuutazama mwezi wa Ramadhani. Watoto wa jirani yangu Bibiche walikuwa wamepanda ukutani kuugombania, kila mmoja akiapa ameuona yeye wa kwanza. Dalila alitoka kuwanyamazisha, akasimama mlangoni, akanyamaza yeye. Kisha akarudi ndani mbio, akang'oa kalenda ya msikiti ukutani na kuilaza juu ya mchoro wake. Kila kilele cha utoro kiliangukia mwezi mwandamo. Kila bonde liliangukia mwezi mpevu. Bibiche alichungulia dirishani akaniuliza kama binti amepata jini. Nikamwambia amepata mume, na mume mwenyewe ni mwezi, maana sikuwa na maelezo mafupi zaidi.

Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuelezwa sana. Ndagala, ambao ninyi huko mnawaita dagaa, hufuata taa, na taa haina nguvu palipo na mbalamwezi. Katika usiku wa giza wanaume wote wako ziwani, mchana wamelala kama magogo, na wake zao wako mchangani wanaanika na kuuza. Nani ataenda kupanga foleni? Mwezi ukijaa, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na wana nafasi. Sisi sote tulijua hilo, na hakuna aliyewahi kuliweka mahali pamoja na tarehe za kituo.

Dalila hakuridhika na kujua. Kwa idhini ya daktari mkuu wa zone ya afya, yeye na Libérat waliwagawa wagonjwa kwa kura. Nusu wakabaki na tarehe zao, nusu wakapewa tarehe za mwezi mpevu. Libérat ni Mprotestanti wa milimani, na watu walianza kumwita imamu wa Makobola, kwa sababu hakuandika tarehe kabla ya kutoka nje kutazama juu. Baada ya miezi minne, nusu ile ya mbalamwezi ilikuwa karibu haina mtoro. Nusu nyingine ilibaki vilevile.

Mkutano wa kuamua hatima ya dawa hizo ulifanyika mjini, katika ukumbi uliojaa. Usiku wa kuamkia siku ile Dalila alikuja kwenye kitanda changu akaniambia, "Shangazi, minye sisimami pale kama weye hauko." Nikabebwa kwa kiti. Walid, laiti ungemwona. Aliongea polepole, akaonyesha wimbi la utoro, kisha akaliwekea mwezi juu yake, na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja kama watu walioonja chumvi. Pontien mwenyewe alipiga makofi. Alisema neno watoro litafutwa, na kwamba amejifunza.

Lakini akauliza swali moja. Kwa kuwa sasa tarehe zinajulikana, kuna ubaya gani watu hao wakichukulia dawa Uvira, penye hospitali kubwa? Si mbali. Dalila akafungua kompyuta yake, akatafuta. Alikuwa na umri wa watu, umbali, mvua na mwezi. Jibu la swali lile hakuwa nalo, kwa sababu hakuna kituo kinachoandika aibu.   Wagonjwa walikuwemo ukumbini, nawajua, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nikaomba kusimamishwa. Nikasema mimi ni Aziza, mwalimu, mkaazi wa Kilibula, na kwamba kutoka mlangoni kwangu hadi hospitali ni mwendo ambao hata miguu hii inauweza. Nikasema tangu alipofariki mume wangu Tambwe nimekuwa nikimeza dawa hizi, na kila mwezi nimezifuata Makobola, kwa sababu mjini kila anayekaa kwenye benchi lile amefundishwa na mimi. Nikamwambia bwana Pontien, ukizileta Uvira, hata mimi niliyesoma nitaziacha.

Ndiyo, mdogo wangu. Uliambiwa Tambwe alikufa kwa kifua. Nawe ulijua nina shamba la mihogo Makobola. Shamba lipo kweli, lakini mihogo haihitaji kutembelewa kila mwezi. Nilinyamaza kwa ajili ya jina la baba, na kwa ajili ya posa za Dalila, na zaidi kwa sababu nilizoea kunyamaza.

 Pale ukumbini Dalila akasema kwenye kipaza sauti, akisahau Kifaransa chote, "Shangazi, minye nilikufuta." Alikuwa ameona wagonjwa wachache wenye anwani za mjini wanaochukulia Makobola, akawaondoa akidhani ni makosa ya uandishi. Watu walicheka, naye akacheka huku machozi yakimtoka, na mimi, lile kosa lake la uandishi, nikaketi.

Dawa zinabaki Makobola. Tarehe zitafuata mwezi, na vituo vingine vya njia ya Fizi vitafanya hivyo hivyo, chini ya uongozi wa binti yako. Nilipokuwa natolewa nje, mama mmoja muuza ndagala alinishika mkono akaniuliza mimi huwa nameza saa ngapi, asubuhi au usiku, kama watu wanavyoulizana bei sokoni. Nilitembea hatua kadhaa bila kiti.

Habari hii itakufikia kwa midomo ya wasafiri wa mashua, nami nimetaka uipate kwangu kwanza. Daktari ameniambia ukweli kuhusu moyo. Hautavuka masika. Nilimwuliza kama ni ule ugonjwa mwingine, akasema hapana mama, ule haumo hata kwenye hesabu, huu ni uzee. Nilicheka mpaka akaita muuguzi. Nitakufa kwa uzee, Walid, kama bibi zetu.

Nakuomba jambo moja. Watu watakapokaa mkekani wakaanza kunong'ona, usikae nao. Simama, wewe ndugu wa marehemu, uwaambie dada yangu alikuwa na ukimwi, na haukumuua. Uwaambie Makobola dawa zipo. Kisha wasome dua.

Msalimie mke wako, mabusu kwa wajukuu, na huyo mdogo mwambie meno yataota tu. Bibiche anakusalimia na kuuliza kama bado una kiburi. Dalila yupo hapa anapika, hajui naandika nini, lakini amesema niseme anakungoja. Njoo mwezi ukijaa, ziwa linakuwa tulivu.

Ni mimi dada yako,
Aziza binti Mahamudi