Mikono Iliyoujua Mpunga

Azaiba, Maskati

Da Khole wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu ndo lile lile. Mwezi uliopita mwanangu Shatha alinipeleka Kambodia. Siku moja tukatembezwa shamba: tukapanda gari la ng'ombe, tukaonja sukari ya mvumo, kisha bibi aliyekuwa akituongoza akatuingiza kwenye bonde la mpunga atufunze kupandikiza.

Wageni wote safu zao zilipinda. Mimi nikainama, mikono ikenda yenyewe, vile vile ulivyonifunza wewe kule kwetu shamba, Cheju. Yule bibi akanipigia makofi. Shatha akaniuliza, "Mama, nani kakufunza?"

Nikamwambia nimeona kwenye televisheni.

Miaka thelathini nnawaambia wanangu kuwa kwetu ni Mji Mkongwe, na jembe hatulijui. Nimekukana, dada, na mpunga wako ndio ulonilea. Tangu siku ile wali siugusi.

Barua hii anakuletea Shatha mwenyewe. Bahasha nimeiwacha wazi makusudi, na nimemwambia aisome ndani ya ndege.

Mdogo wako,
Zuwena