Mtungi wa Msamaha Alioumaliza Mheshimiwa

Kijiji cha Makere,
S.L.P. Kasulu,
Kigoma.
20 Agosti, 1978

Mpendwa ndugu yangu Melkiadi,

Mwakeye! Nakusalimu kwa makofi ya kwetu, ingawa huko Korogwe najua mmeshazoea kupeana mikono tu. Hujambo? Wifi yangu Ernesta hajambo? Na ule mkono wako uliochomwa na mkonge, umepona au bado unautia majani? Sisi huku tunapumua. Mama kifua kilimbana sana wakati wa baridi, lakini sauti ya kutugombeza anayo tele, kwa hiyo sina hofu naye. Mimi mguu wangu ni ule ule.

Aliyekupa barua hii ni mwanao Didas, na najua moyo umekuruka kumwona mlangoni na begi lake wakati ulidhani yuko chuoni Dar es Salaam. Nakuomba usimuulize neno mpaka umalize kusoma. Hakuiba, hakufeli, hakumharibu mtoto wa mtu. Alifukuzwa mwezi wa tatu pamoja na wenzake wengi, akarudishwa hapa kijijini, na sisi tukakuficha tukidhani tutalimaliza kabla hujasikia. Tusamehe kwa hilo.

Kisa ni mishahara ya wabunge. Didas alinieleza utaratibu wake mpaka nikaacha kuchambua maharage. Anasema pendekezo la nyongeza linaletwa na wakubwa, na wakubwa wenyewe wamo ndani ya nyongeza. Linafika kwa wabunge, nao wamo. Wanaitika ndiyo, wanapiga meza, basi, limepita: mshahara, posho, kiinua mgongo. Nikamuuliza, kati ya wote hao hakuna hata mmoja asiyekula? Hapa kwetu anayegawa nyama huchukua fungu la mwisho, na akithubutu kuanza na lake hata watoto humzomea. Wanafunzi nao walizomea. Waliandamana barabarani kusema kwamba haifai, wakafukuzwa.

Na sisi bei ya tumbaku yetu tunaisikia redioni kama matangazo ya vifo. Hajaja mtu kutuuliza kama inatutosha. Kinyaa kinanishika hata kuandika.

Mwezi wa tano mheshimiwa mbunge wetu akaja na gari jipya, vumbi likaingia mpaka kwenye vyungu jikoni. Tukaitwa mkutanoni, na yeye akituita ndugu, ndugu, kila baada ya neno. Akasema mshahara hakujipangia, kuna wataalamu wa mambo hayo, yeye aliinua mkono tu. Bibi Philomena, jirani yetu yule asiyeogopa mtu, akasimama na fimbo yake akamuuliza, "Mwanangu, mkono huo ulipokuwa juu, ulitukumbuka sisi?" Watu wakacheka, Katibu Kata akamkalisha. Badala ya kumjibu, mheshimiwa akauliza yuko wapi yule kijana wa Makere aliyeitia wilaya aibu.

Ndipo akatoa ahadi mbele ya watu wote. Didas akimwomba radhi hadharani, yeye mwenyewe atakwenda kumsemea Dar es Salaam, arudishwe chuoni.

Kaka Stanislaus akasema tufanye kwa desturi, na sote tukaona kasema la maana. Unajua tulivyolelewa. Aliyekosa hupeleka mtungi wa pombe kwa aliyemkosea, na huyo akishavuta mrija, neno limekwisha. Akilirudia tena, yeye ndiye mkosaji. Mheshimiwa ni Muha mwenzetu, mtoto wa kijiji cha Nyakitonto, haya yote anayajua. Basi tukarudi kwenye migomba yetu ya zamani, kule tulikoondolewa wakati wa operesheni vijiji. Magugu yamefika shingoni, ndugu yangu, huwezi kutambua ilipokuwa nyumba ya baba. Tukapata mikungu michache, tukaifukia shimoni iive, tukakamua, tukapika. Mama alikaa karibu na mtungi kama askari, asionje mtu.

Siku tuliyompelekea, Didas akapiga magoti. Melkiadi, mtoto msomi, magotini mbele ya kitambi kile! Kwa kosa gani? Kusema kwamba haifai mtu kujipakulia mwenyewe! Niliangalia pembeni. Mheshimiwa akavuta mrija, akashusha pumzi, akavuta tena, akamwita na dereva wake. Wakaumaliza. Tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tukijua mtoto amekwisha kupona.

Na hapo ndipo tulipoharibu. Didas alitaka kuwaandikia wenye chuo barua yake ya kuomba kurudi, kama wenzake walivyokuwa wakifanya. Stanislaus akamkataza. Alisema kuomba tena wakati mtungi umeshanywewa ni kumtukana aliyekunywa, ni kumwambia hatukuamini. Mama akaafiki, ukoo wote ukaafiki. Tukangoja. Tukangoja weee! Mara tukasikia kijana wa mzee Havyarimana wa kule Busunzu, aliyefukuzwa naye siku moja, aliandika mapema na sasa yuko darasani. Wetu akaambiwa muda wa maombi umepita, labda mwakani.

Tukaenda Kasulu mjini, mimi na Stanislaus, tukamkuta mheshimiwa nyumbani kwake barazani anakula karanga. Nikamkumbusha mtungi. Alicheka, Melkiadi, mpaka karanga zikamtoka mdomoni.

"Mama," akaniambia, "pombe ni pombe, serikali ni serikali."

Kumsemea hakumsemea hata kwa neno moja. Halafu, wakati tunaondoka, akatuita kutoka kule kule kitini: leteni mtungi mwingine, tutaona. Nilitema mate pale pale uani kwake. Stanislaus alinivuta mkono akiona haya, lakini mimi sijutii.

Wallahi sikujua aibu nyingine ilikuwa inanisubiri nyumbani. Kaka yetu alifika akatafuta ndizi, akachimba shimo, akafukia! Eti mtoto apige magoti tena, magoti hayaishi. Nilingoja aende shambani, nikalifukua shimo lote nikawapa mbuzi. Didas alinikuta pale. Alichukua jembe akanisaidia. Tangu siku hiyo mimi na Stanislaus hatusemezani.

Kwa hiyo nimemtuma kwako kabla hawajatafuta ndizi nyingine. Akikata mkonge pamoja nawe mpaka mwakani, si aibu. Kisha ataandika barua yake mwenyewe kwa wenye chuo, bila kupitia kwa mlafi yule. Lakini wewe ndiye baba. Ukiona heri apige magoti mara ya pili, mrudishe, na pombe uje kuipika mwenyewe, mimi sitashika hata kata ya maji.

Msalimie sana wifi Ernesta, na Venanti, na Waha wote wa kambini kwenu. Mama anakusalimu, anataka kitambaa cha kichwa, cheusi hataki. Stanislaus angekusalimu kama tungekuwa tunasemezana. Mungu awalinde na miba na homa, awape usingizi mzuri.

Neno moja nimelibakiza. Siku ile alipotoka kupiga magoti, Didas alilala ameelekea ukutani, hakula. Jioni akaniuliza, "Shangazi, kwani nilisema uongo?" Nikamwambia hapana, mwanangu, hukusema uongo. Lakini mimi ni shangazi tu, na mimi niliyemwambia hivyo ndimi niliyeipika ile pombe. Amesafiri mpaka huko kutaka kulisikia kwako. Kunja barua hii sasa, umwambie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Epifania