Nafasi Moja ya Mmiliki

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo ila goti, na goti nalo tumeshalizoea. Vipi huko? Bado unalala na soksi?

Mwanangu, nimechanganyikiwa. Nilikwambia habari za kochi la mwalimu, lile tulilolivalisha kitambaa cha daktari, na la daktari tukalivalisha cha mwalimu. Mwalimu alisema hata kijani si kibaya. Daktari alinuna, akaondoka bila kuaga. Baba yako mdogo anadai mimi ndiye niliyempa maagizo hayo. Mimi nasema nilimweleza sawasawa, ila akili yake ilikuwa kwenye cherehani.

Fundi simu wa jirani akasema dawa yetu ni programu ya kuendesha biashara. Akaniwekea tatu, za majaribio, nichague. Ya kwanza inauliza nina maghala mangapi, na mimi nina karakana moja ambayo hata mlango haufungi vizuri. Ya pili inanipongeza kila nikiifungua, na sijafanya lolote. Ya tatu ina akili kidogo, lakini nikiandika kazi moja kwenye zote, kila moja inanipa tarehe yake ya kumaliza. Leo nimeshinda nazo, na kochi halijaguswa.

Wewe unashinda kwenye kompyuta. Nichague ipi?

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Soksi bado, tena jozi mbili. Mwambie mama goti lisizoeleke, aende hospitali.

Baba, kabla ya kuuliza programu ipi nzuri, jiulize mnaumwa wapi. Ugonjwa wenu ni mmoja: wewe unapokea oda, inabaki kichwani mwako, na anayeshona ni Baba Mdogo. Mnahitaji kitu ambacho ukiandika oda kwenye simu yako, na yeye anaiona kwenye yake. Basi. Futa ya maghala, futa ya pongezi. Bakiza ya tatu, na umwingize Baba Mdogo.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Huku mvua imeanza, karakana inavuja palepale pa siku zote.

Nimezifuta. Ile ya pongezi iliniuliza kama nina uhakika, nikaionea huruma.

Sasa hii iliyobaki imeniuliza mmiliki ni nani. Nafasi ni moja. Chini yake kuna nafasi za wafanyakazi, kibao. Nimeandika majina yetu yote mawili, imekataa. Nimeandika "Sisi", imekubali, halafu ikataka namba ya simu ya Sisi.

Tangu babu yako atuachie karakana hii, hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo. Mimi nachonga mbao, yeye anashona na kuvalisha. Mteja anamwita bosi yeyote aliye karibu na mlango. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tumekaa, tena zizi lenyewe finyu. Niandike nini?

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo. Naandika mbio, niko kazini. Weka jina lako, Baba Mdogo muweke mfanyakazi. Ni utaratibu wa mashine tu, hauna maana yoyote. Msalimie mama.

Mwanao

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Hamjambo? Kimya chako kimenitia wasiwasi. Mama nikimpigia anasema mko salama, halafu ananiuliza nimekula nini. Baba Mdogo hapokei simu yangu, na hajawahi kunifanyia hivyo. Programu inafanya kazi?

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima wa mwili. Programu inafanya kazi. Asiyefanya ni baba yako mdogo.

Siku ile nilipomwingiza, simu yake ililia pale kwenye cherehani. Akaisoma kwa sauti: "Karibu. Mwajiri wako amekuongeza kama mfanyakazi." Akaniuliza, "Mwajiri wangu nani?" Nikacheka, nikidhani naye anacheka. Akamaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akafunika cherehani kwa kile kitambaa chake, akatoka. Hajarudi.

Nimekwenda kwake. Mkewe akasema yuko bafuni anaoga. Nikaenda tena siku nyingine, bado anaoga. Mtu gani anaoga hivyo?

Tuna viti vya zahanati vinavyosubiri kuvalishwa. Nimejaribu kushona mwenyewe, na nilichoshona nimekificha chini ya meza. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mchana mama yako anatuletea sahani ile ile ya watu wawili, na mimi nakula nusu yangu, kisha naiangalia nusu yake. Fundi simu ananiambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Lakini mimi sijui hata tumegombana lini.

Sikulaumu, nauliza tu. Ulisema haina maana yoyote. Mbona imekuwa nayo?

Baba yako

7 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua pepe yako nikaenda kulia chooni. Kosa ni langu. Nilijibu kama ninavyowajibu watu wa ofisini, nikasahau kwamba nazungumzia mtu aliyenibeba mabegani.

Kubadilisha inawezekana. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "hamisha umiliki", uchague jina lake. Halafu mwombe radhi kwa mdomo wako, Baba. Hilo simu haiwezi.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Umeamkaje? Mimi nimeamka vibaya.

Nimehamisha, na sasa mambo yamezidi kuvurugika. Mmiliki ni yeye, mfanyakazi ni mimi, na mwenyewe hana habari. Nikitaka kuandika oda naambiwa nisubiri idhini ya mwajiri wangu. Nikitaka kusoma oda nilizoandika kwa vidole vyangu mwenyewe, nisubiri idhini ya mwajiri wangu. Mwajiri wangu anaoga.

Nimekwenda tena kumwomba radhi kwa mdomo, kama ulivyosema. Mlango haukufunguliwa. Kitu pekee ambacho programu inaniruhusu ni kuomba siku ya kutokuja kazini. Inataka sababu. Nimeshika simu hapa, sijui nibonyeze au niache.

Baba yako

20 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, na safari hii namaanisha.

Nilibonyeza. Niliomba siku moja. Penye sababu nikaandika: kwenda kumtafuta ndugu yangu.

Asubuhi yake nilikuwa napiga randa. Nikaona mtu mlangoni, ameshika simu mbali na macho, maana miwani huwa hatembei nayo. Hakunisalimu. Akauliza, "Nani huyu anayeniomba ruhusa?"

Nikamwambia, "Mfanyakazi wako."

Akasoma ile sababu polepole. Akairudia. Mimi nimesimama na randa mkononi, sijui niiweke wapi. Halafu akasema, "Pa kukataa ni wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akabonyeza.

"Ruhusa hakuna," akasema. "Ndugu yako amekuja."

Nililia, mwanangu, nakwambia wazi. Nikamwomba radhi, na yeye akafunua cherehani, akaniuliza uzi mweusi nimeupeleka wapi. Baadaye aliingiza mkono chini ya meza akatoa nilichoshona. Akakigeuza huku na huku, akauliza ni kiti au ni mto. Alicheka mpaka akakaa chini. Mchana sahani ilirudi kwa mama yako tupu.

Programu hatujabadilisha. Ni hii hii. Amenipa idhini, oda naziandika, zinafika kwenye simu yake, naye kwa kukosa miwani ananiita nimsomee. Mpaka sasa sielewi kwa nini walioitengeneza hawakuweka nafasi ya watu wawili. Umiliki hajanirudishia, na mimi sijaomba.

Wako,
Baba yako, mfanyakazi