Namba Chini ya Jina la Ocen

Jumatatu, 3 Machi
Chai. Mkate wa jana. Nimechaji kifaa cha Ocen, kama kila asubuhi. Pacha wangu yuko udongoni tangu Januari na mimi bado namchajia kipima-mwendo. Wazimu. Kimewaka, kikaonyesha mruko wake wa mwisho: kilomita 291 kwa saa.

Baba kapiga simu kutoka nyumbani kwake Nakawa. Askari mstaafu, aliruka na miavuli ya jeshi kabla hatujazaliwa. Namba hiyo ndiyo dawa yake. Anaitaka kwenye jiwe la kaburi, chini ya jina. Fundi wa Kawempe anachonga Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Sikulala. Kwa mruko uleule, kifaa changu kinasema 204. Tuliruka pamoja kutoka ndegeni kule Kenya, suti za mabawa, bega kwa bega. Niliyaona macho yake ndani ya miwani. Kwa 291 angeniachia visigino tu.

Kimoja kinadanganya. Naogopa kujua kipi.

Jumatano, 5 Machi
Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani muuza vitenge, amenipeleka na pikapu yake barabara ya Port Bell. Alidhani nimerukwa na akili. Labda. Changu nilikiweka ndani ya kofia, kama siku ile. Cha Ocen nilikitoa dirishani, kwenye upepo. Ocen alikishona juu ya mkono wa suti ili asome namba angani. Sifa tu!

Barabara tambarare. Changu kimetulia. Cha Ocen kikasema tunapanda. Mama Furaha alipofunga breki, kikasema tunaanguka.

Kifaa hupima kimo na mwendo kwa mgandamizo wa hewa. Upepo ukikifyonza, kinadhani kiko juu. Mwendo ule haukuwapo. Na mlio wa kumwambia afungue mwavuli ulichelewa, maana kilidhani ardhi iko mbali. Mimi nilifungua wangu. Nikamwona akipita chini yangu, mabawa wazi, ametulia. Alikuwa anausubiri mlio.

Nilikaa kando ya barabara. Kifaa kilikuwa kimya, lakini mlio niliusikia.

Alhamisi, 6 Machi
Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya kifaa hiki imefika kaburini. Uongo uliomuua ndio wanataka kumchongea. Nikinyamaza, baba ana shujaa. Nikisema, ana mtoto aliyedanganywa na kitu kidogo kama kiberiti.

Nimemchukia Ocen leo kutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kawempe. Vumbi la mawe. Namba ilishaandikwa kwa chaki, fundi ameshika patasi. Nikasema yote. Baba hakunitazama.

"Wewe ulikuwa karibu na yeye?"

"Bega kwa bega, baba."

"Basi. Kijana hakuwa peke yake."

Akaifuta namba kwa mkono wa shati.

Jumapili, 9 Machi
Kifaa cha Ocen kimeisha chaji. Nimekiacha hivyo.

Baada ya kanisa nimepita Nakawa. Tumekula mboga ya malakwang. Baba kavaa shati lilelile, chaki bado iko kwenye mkono wa shati. Nimetaka kumfulia. Amekataa.