Usimkate Mama Chebet Akila

Mpendwa binti yangu Naoko,

Salamu nyingi kutoka Dundori. U hali gani na hiyo baridi ya Japani? Macho je, bado yanakuuma kwa kukaa mbele ya kompyuta? Sisi Mungu ametutunza. Viazi vimekubali na ng'ombe amezaa.

Barua yako niliisoma nikapiga magoti. Kumbe baada ya miaka yote ya kuunganisha katuni za televisheni, sasa wanataka kukupa filamu nzima ya sinema uihariri wewe mwenyewe! Lakini unasema hujakubali, unaogopa utakata kitu ambacho hakikufaa kukatwa.

Mwanangu, unakumbuka video ya harusi ya Njeri wangu, mwaka jana ulipokuja likizo ukakaa kwetu mpaka ukawa binti wa nyumba hii? Ulijitolea kuihariri. Ulinieleza kwamba kwa katuni kila mchoro ni jasho la mtu, kwa hivyo hamwachi kitu kisicho na kazi. Ukaitoa fupi, tamu, kama ya runinga. Sebule ikajaa watu. Ilipoisha, Shangazi Wambui akasimama: "Kwani mimi sikula kwa hii harusi? Sahani yangu iko wapi?"

Ulikuwa umeondoa watu wakila! Na kwetu video ya harusi lazima izunguke meza zote, kila mgeni aonekane akitafuna. Ukaniambia, "Mama, hapo hadithi inasimama." Nikakwambia, "Wacha isimame, watu wako na njaa." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kesho yake ukawarudisha wote, hata jirani yetu Mama Chebet akilamba mchuzi kidoleni.

Mapema mwaka huu mambo yalipochafuka baada ya uchaguzi, watu wa kabila lake na wa kabila letu wakapigana, Mama Chebet alihama na watoto wake. Nilikuwa nikiweka ile video nimwone tu. Lakini Mungu ni mwema, amerudi. Jumapili baada ya kanisa alikuja, nikamwekea. "Woi, kumbe nilikula hivyo! Rudisha hapo!" Tukarudisha, tukarudisha, mpaka chai ikapoa. Shangazi Wambui alikuwa ameketi kando yake, wamejifunika blanketi moja.

Basi usiogope. Mtu aliyekubali kurudisha sahani ya Wambui anajua kusikiliza. Ichukue hiyo filamu, nakuombea. Na ukifika mahali watu wanakula tu, waache kidogo.

Nijibu upesi, uniambie kama umekubali.

Ni mimi, mama yako wa Dundori.