Mtungi wa Bi Zuhura

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kama ninavyojijibu mengi siku hizi.

Kesho ni arobaini yako. Mchele umeshachambuliwa, na mke mwenzio Bi Zuhura ameomba kazi moja tu: awape watu maji kutoka kwenye mtungi wake. Mtungi ule ule. Ndugu zako wananitazama mimi, binti yako, niseme ndiyo au hapana. Nikisema hapana, kila mtu atajua namtuhumu kukuua, na hapa Somanga hatakaa tena kwa amani.

Na kweli namtuhumu. Au nilimtuhumu. Sijui, Mama.

Unakumbuka kiu yako ilivyoanza? Kata baada ya kata, halafu chooni usiku kucha, mkojo mweupe kama maji yenyewe. Mara ukaanza kuvaa sweta jua la utosi. Ukasinzia katikati ya mazungumzo, usiku ukakesha. Ukimaliza wali unauliza chakula kitaiva lini. Zahanati wakakupima sukari, wakasema iko sawa. Basi nikajua, huu ni mkono wa mtu. Nani alikuwa anakujazia maji kila siku? Nikakuhamishia kwangu Nangurukuru, na kiu nayo ikaja. Ukacheka, ukasema, "Sasa na huku kanifuata na mtungi kichwani?" Mimi nikasema kuna uchawi unaopanda basi.

Hali ilipozidi tukaenda Dar, na daktari akatuonyesha picha ya kichwa chako. Chini ya ubongo, alisema, kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, haizidi punje ya korosho. Hiyo ndiyo inayokuambia una kiu au umeshiba, ulale au uamke, utoke jasho au utetemeke. Ndiyo inayopeleka habari mpaka kwenye figo ili maji yasitoke ovyo. Yako ilikuwa imekandamizwa na uvimbe, ikawa inatoa amri za ovyo. Wewe uliyebangua korosho tangu usichana wako ukaninong'oneza, "Kumbe nina korosho mbovu." Mimi nilikuwa namkagua yule daktari. Nilimwona mdogo mno, na maneno yake yamenyooka mno. Kitu kidogo hivyo kinatawalaje kiu, usingizi na joto? Kabla hawajakupangia upasuaji, ukaondoka.

Msibani mtani wetu alikuigiza, kama ilivyo ada ya utani: alijifunga blanketi, akabeba ndoo, akazunguka uani akilia, "Nipeni maji! Na wali uko wapi?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata wewe ungecheka. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Bi Zuhura. Hakucheka. Nikajiambia, haya, nimemkamata.

Tangu siku hiyo nimebaki hapa nyumbani kwenu namvizia. Juzi asubuhi nikamwona anatoka kisimani, akajaza mtungi, akaufunika, akauweka mlangoni pa chumba chako. Chumba hakina mtu, Mama. Nikamtokea ghafla nikamuuliza anamwekea nani. Akashtuka, akautazama mtungi kama ndiyo kwanza anauona.

"Mkono umezoea," akasema.

Akakaa pale kizingitini, akachota, akanywa, machozi yanamtiririka. Na mimi nikakumbuka kitu nilichokiona miaka yote bila kukitia maanani: maji yale mlikuwa mkiyanywa wote wawili, kwa kata moja. Yeye hajawahi kuugua kiu.

Usidhani nimekuwa malaika. Hapo hapo nikawaza labda ana kinga yake. Lakini nimechoka, Mama. Nimekukumbuka mpaka naumwa. Daktari akiwa mkweli, basi hakuna aliyekuchukua, na mimi sina wa kumkasirikia. Nilitaka sana awe Bi Zuhura, maana korosho siwezi kuigombeza.

Mungu akulaze pema, akupe usingizi mzuri, usisikie baridi wala kiu. Hapa nakuachia ahadi yangu. Kesho atagawa maji yeye, na kata ya kwanza nitaipokea mimi, mbele ya ndugu zako wote. Nitachungulia ndani kwanza, unanijua. Halafu nitainywa yote.

Binti yako,
Siwema